Miaka Ishirini na Sita Nikiwa Mauti

Vijana wa kikundi, mmeniomba niandike ninayoyajua kuhusu kazi hii kabla sijayasahau. Mmeniomba kwa Kiingereza, kwa ujumbe wa simu wenye picha ya fuvu linalocheka, nami ninawajibu kwa Kiswahili. Atakayeshindwa kusoma amwombe mama yake amsomee, na asije akaniambia kwamba mama yuko kazini. Mama zenu wote wako kazini. Hata sisi tulikuwa kazini, na mazoezi tulifanya.

Kazi iliyonilisha hapa Texas ilikuwa kuendesha foklifti kwenye ghala moja kule Grand Prairie. Hiyo siiandiki, boksi ni boksi. Ninayoiandika ni ile niliyoifanya kila Kwaresima bila mshahara, nikiwa nimejitanda shuka jeupe. Nilikuwa Mauti. Nilianza kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma, nikaendelea Haltom City, na kwa miaka ishirini na sita nimeua wenyeviti wa jumuiya, walimu, mafundi baiskeli, na katekista mmoja aliyenicheleweshea kipaimara mwaka mzima kwa sababu nilicheka wakati wa rozari. Huyo nilimuua taratibu.

Kwa mliojiunga juzi, mchezo wetu ni wa Nyumba ya Mtu. Mtu ni mtu tu, hana jina lingine, amepewa nyumba na ufunguo wake. Wanakuja wageni. Kila mgeni ana kipande cha katoni shingoni chenye jina lake halisi, ila akibisha hodi anakifunika kwa kiganja na kujitaja vingine. Choyo anasema anaitwa Akiba. Kiburi anasema anaitwa Heshima. Uvivu ni Pumziko, na Hasira anasema yeye ndiye Haki mwenyewe. Ukumbi mzima umeshaziona katoni, asiyeona ni Mtu peke yake, na hapo ndipo watu wanapoanza kumpigia kelele kutoka kwenye viti. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtu anawapa, na kila mmoja ana sababu yake: huyu mgongo, huyu kucha, yule simu inaita. Baadaye wanafika Subira, Ukarimu, Kiasi na Unyenyekevu, wamebeba majembe yao wenyewe, lakini vitanda vimeshajaa, kwa hiyo wanalala uani. Mwishoni naingia mimi. Simwombi Mtu roho. Ninanyoosha mkono na kusema, "Nimekuja kuchukua ufunguo." Mtu anaomba siku moja, simpi. Anautoa, na anayeruhusiwa kutoka naye nje ni yule tu aliyeshika jembe.

Aliyeutunga ni Mzee Anatole, katekista wetu wa kambini, si yule wa kipaimara, mwingine. Mmisionari mmoja mzee alikuwa amemsimulia kwamba huko Ulaya, mamia ya miaka iliyopita, maseremala na waoka mikate walipanda juu ya mikokoteni wakaigiza Kiburi, Mauti na Matendo Mema katikati ya mji, na watu waliacha kazi zao kuja kuwaangalia. Anatole alisema hiyo ilikuwa habari ya kwanza ya kufurahisha aliyowahi kuisikia kuhusu Ulaya. Michezo yenyewe hakuiona hata kwenye picha. Alichukua wazo, akaongeza jembe.

Mara yangu ya kwanza niliharibu kila kitu. Nilidhani Mauti lazima atishe. Nilitoka nyuma ya turubai mbio huku nikipiga ukelele, nikakanyaga shuka, nikamwangukia Ulafi aliyekuwa ameshika sahani ya maharage. Watu walicheka mpaka mlinzi wa kambi akaja kuuliza kuna nini. Anatole aliniita kando, mimi bado nina maharage masikioni.

"Venansi, unamkimbiza nani? Kuna mtu atakayekutoroka?"

"Hapana, Mzee."

"Basi tembea. Na shuka ulipige pasi. Huwezi kwenda kwa watu kuwaambia habari kubwa kama hiyo ukiwa na makunyanzi."

Tangu siku hiyo nimepiga pasi shuka lile kila mwaka, kambini kwa pasi ya mkaa na hapa kwa ya umeme. Vaeni viatu vya zamani, vipya vinalia. Msivae kinyago, kinafunika macho, na kazi yote ya Mauti iko machoni. Na kuleni kabla. Mwaka mmoja tuliigiza Ijumaa Kuu nami nilikuwa nimefunga kweli. Niliponyoosha mkono, tumbo likanguruma mbele ya kipaza sauti. Mtoto wa mstari wa mbele akatangaza, "Death is hungry!" Mwaka ule Mtu alikufa akicheka, na ukumbi mzima nao.

Kugawa sehemu ndiko kunakoua vikundi. Kila mtu anataka kuwa Fadhila. Tulikuwa na mama mmoja, kiongozi mkubwa tu, aliyetaka sana kuwa Unyenyekevu, na sharti lake lilikuwa picha yake iwe juu kabisa kwenye tangazo. Sikumbishia. Nilimpa Kiburi, akanuna wiki mbili, kisha akacheza vizuri kuliko wote. Unyenyekevu mpeni mtu ambaye makosa yake yanajulikana na kila mmoja, hana tena cha kuficha. Dhambi wapeni watu wema, wasioogopa kuonekana wabaya. Na dhambi lazima wapendeze. Anatole alikuwa akisema, dhambi asipopendeza, Mtu ataonekana mjinga kumfungulia mlango, na watazamaji watarudi nyumbani wakidhani wao ni werevu.

Hapa Texas nilipata shida nyingine, ya zamu. Mwaka 2017 Uvivu wetu alikuja moja kwa moja kutoka hotelini alikokuwa amefanya zamu mbili mfululizo. Alijilaza kwenye mkeka wake jukwaani, kama inavyotakiwa, akalala kweli. Alikoroma. Dhambi wengine wakawa wanamruka. Siku ya tatu Mtu alipompa jembe, ilibidi amuwekee kifuani. Padri wetu, ambaye wazazi wake walitoka Meksiko, alitufuata baadaye akasema hajawahi kuona uigizaji wa hali ya juu namna ile. Alituambia kwamba kwao, Noeli ikikaribia, huigiza mashetani wanaowazuia wachungaji wasifike Betlehemu, na sehemu inayogombewa ni ya shetani. Nikamwambia, "Padri, kumbe sisi ni ndugu."

Haya. Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nistaafu.

Kambini kulikuwa na Mauti kabla yangu, jamaa mmoja mrefu. Siku moja baada ya onyesho alimbeba mtoto wa jirani, mchanga, hajabatizwa. Wiki iliyofuata mtoto akashikwa na malaria. Nusu ya kambi ilikuwa na malaria, mbu walikuwa wengi kuliko sisi, lakini aliyelaumiwa ni Mauti. Mtoto alipona. Sasa ana ndevu na yuko Kanada. Desturi ndiyo haikupona: ikasemwa kwamba anayechukua ufunguo wa Mtu hashiki mtoto asiyebatizwa. Tuliivusha bahari pamoja na sufuria zetu. Mimi ilinifaa sana, nisidanganye. Watoto wa watu walilia mikononi mwa wengine wakati mimi nakunywa chai.

Halafu mwishoni mwa 2018 akazaliwa Keza.

Keza ni mtoto wa Odeta, binti yangu wa pekee, anayefanya kazi ya kusaidia wauguzi. Mume wake ni Nestor, yule mliyemzoea kama Mtu, kwa sababu Mungu amempa uso wa mtu anayedanganywa kirahisi. Wanakaa Grand Prairie, na mama yake Nestor, Mama Domitila, alihamia kwao kumlea mtoto. Nilipopata habari nilinawa mikono mara tatu, nikavaa shati la Jumapili, nikaendesha kutoka Haltom City huku naimba. Mama Nestor alinifungulia mlango, akasimama palepale mlangoni.

"Karibu, Baba Odeta. Kaa kiti kile pale."

"Nimekuja kumshika mjukuu wangu."

"Utamwona. Kuona ni kuona, kushika ni kushika."

"Mama Nestor, hapa ni Amerika."

"Kwani Amerika hawafi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Nilizika wawili kambini, mkwe wangu," akasema. "Huyu simjaribii kitu. Acha hilo shuka. Kwaresima moja ipite, ufunguo uchukuliwe na mtu mwingine, na siku hiyohiyo mimi mwenyewe nitakuwekea mtoto mikononi. Usipoacha, subiri ubatizo."

Na ubatizo ulikuwa unamsubiri mama wa ubatizo, ambaye alikuwa Kanada akisubiri karatasi zake za kusafiria, na karatasi mnazijua. Ingeweza kuwa mwezi, ingeweza kuwa mtoto anaanza shule.

Iliniuma sana. Nilikaa kwenye kiti kile nikamtazama mjukuu wangu kama mtu anayetazama televisheni kupitia dirisha la duka. Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Mke wangu Goreti alimshika kila mara, mbele yangu, tena kwa madaha, akinigeuzia uso wa mtoto ili nione anavyopiga miayo. Njiani kurudi nilimwambia kwamba kazi ya miaka ishirini na sita haiachwi kwa sababu ya malaria ya mtu mwenye ndevu.

"Sawa," akasema Goreti. "Unataka kuua watu au unataka kushika mtoto? Chagua, na upunguze mwendo."

Nikachagua. Lakini kumpata Mauti mwingine haikuwa rahisi. Tulijaribu watu kwenye gereji yangu, milango imefunguliwa, majirani wanapita na mbwa wao wakitushangaa. Mmoja alinguruma. Mmoja alicheka kila alipofika kwenye neno ufunguo. Mwingine, mwenzangu wa ghalani, alimvuta Nestor shati mpaka vifungo vikaruka. Nikasimama kuwaonyesha inavyofanywa. Nilitembea kwa uzito, nikamtazama Nestor kwa jicho lililowafanya wenyeviti wa jumuiya walowe jasho, nikamnyooshea mkono kama hakimu.

Pembeni alikuwa amekaa Sista Njeri, nesi Mkenya, ambaye kazi yake ni kuwahudumia majumbani wagonjwa waliofika mwisho. Alikuwa amekuja kujaribu sehemu ya Subira. Nikamsikia anacheka.

"Pole Mzee, lakini kwani wewe ni polisi?"

"Mimi ni Mauti."

"Aki si hivyo. Mimi hii kitu naionanga kila wiki. Hai-come na kelele, hai-come na hiyo macho. Inakuja mapema, ina-sit tu kwa corner, ina-wait. Sometimes ina-wait hadi watoto watoke wakanunue kahawa. Na huo mkono, geuza. Palm iangalie juu. Unapokea, hunyang'anyi."

Nikamwambia aje afanye yeye, kwa hasira, nikitegemea ashindwe. Alichukua kiti cha plastiki akakiweka pembeni mwa gereji. Akakaa, mikono mapajani, wakati Dhambi bado wanakula na kutaniana. Tukamsahau. Naapa tulimsahau. Nestor alipogeuka, Sista Njeri alikuwa amesimama karibu yake, kiganja juu, na akasema mstari wangu kwa sauti ya mtu anayekuuliza kama umeshakunywa dawa. Nestor alitoa ufunguo kabla ya kukumbuka kuomba siku moja.

Nilihisi wivu, ule wenyewe wa kwenye katoni. Miaka ishirini na sita nimetembea kama hakimu, na anayejua kazi alikuwa amekaa nyuma akila karanga. Lakini nawaambieni ukweli wa fundi: ukiona mtu anafanya vizuri kuliko wewe, umeshapata wa kukuachia. Nikamkabidhi shuka. Mimi nikachukua Uvivu, kwa sababu yule mkoromaji alikuwa amebadilishiwa zamu. Mwaka uliofuata, 2020, hatukuigiza. Tulikuwa tumeshapaka rangi mlango wa Nyumba ya Mtu, ukumbi ukafungwa, na Mauti halisi akawa anapita nyumba kwa nyumba. Sista Njeri alifanya kazi mwaka ule wote. Aliniambia kwamba tukianza tena, yeye anataka kuwa Subira, shuka hataki kuliona. Sikumwuliza kwa nini.

Lakini nirudi 2019. Waswahili wa Houston walitualika tuwapelekee mchezo, kwenye ukumbi mmoja upande wa Sugar Land. Tulikwenda na magari mawili makubwa: Dhambi katika moja, Fadhila na vyakula katika jingine, na Dhambi ndio waliofika kwanza. Mama Nestor alikuwa amepika wali wa watu mia, akaujaza kwenye mahotpoti makubwa na kuyafunga mablanketi. Odeta alikuja na Keza, miezi minne, amevalishwa kofia yenye masikio. Sista Njeri alikuwa na mgonjwa asubuhi, kwa hiyo angekuja na gari lake mwenyewe. Shuka nilikuwa nalo mimi. Nilikuwa nimelipiga pasi kwa ajili yake.

Wakati wa kupakua vyakula Mama Nestor alinipita akasema, bila kunitazama, "Leo jioni, Baba Odeta." Moyo wangu ulipiga kama wa bwana harusi.

Tulikuwa tunakaribia kuanza Sista Njeri aliponipigia simu.

"Mzee, niko stuck hapa Huntsville. Lori limeanguka, mbao zimejaa barabara yote, hatu-move. Anzeni tu, nita-drive haraka wakifungua."

Tukaanza, polepole. Nikakiweka kiti cha Mauti pembeni, juu yake shuka limekunjwa, nami nikajilaza kwenye mkeka wangu karibu nacho. Wageni wakabisha hodi. Watu wa Houston walizipigia kelele zile katoni mpaka paa likatikisika. Siku ya pili ikapita, siku ya tatu ikafika, jembe likatolewa, sababu zikatolewa. Fadhila wakaja, wakalala uani. Ikabaki sehemu ya mwisho, na kiti hakina mtu.

Mchezo huu bila Mauti hauna breki. Dhambi waliendelea. Ulafi alimaliza kuku wa maonyesho akaomba wa watazamaji, akapewa. Hasira aliishiwa na watu wa kugombana nao, akaanza kugombana na jembe. Kiburi, yule mama yetu, alisogea mbele akawashukuru wageni waalikwa na kuwatambulisha viongozi wote waliokuwepo, mmoja mmoja, na wengine wakasimama kupunga mkono. Nestor aliwatembeza watu kwenye nyumba yake mara ya pili, akawaonyesha dirisha ambalo halipo. Dakika kumi. Dakika ishirini. Watu wa mbele walikuwa wanafurahi kupita kiasi, ila nyuma nikaona mtu anatazama saa.

"Mzee!" Choyo akaninong'oneza kupitia kwenye meno. "Vaa shuka, tumalize!"

"Siwezi."

"Ni mstari mmoja tu!"

Kweli, ulikuwa mstari mmoja tu, na ukumbi mzima hapakuwa na mtu aliyeujua kama mimi. Nilimtazama Odeta, mstari wa tatu, Keza yuko mapajani mwake. Odeta akatikisa kichwa: baba, usifanye. Kando yake Mama Nestor ametulia, mkoba mapajani, ananitazama.

Nisiwadanganye nyinyi vijana. Nilikuwa nakwenda kulivaa. Nilijiambia kwamba mtoto atabatizwa siku moja, nitamshika akiwa na miaka miwili au mitatu, mzito, anatembea, na kushika ni kulekule. Nilijua nasema uongo. Lakini mchezo wa Anatole ulikuwa unafia jukwaani mbele yangu, na mkono wangu ulishakamata pindo la shuka. Machozi yalikuwa yananitoka, mimi Uvivu, nimelala chali.

Mama Nestor akasimama.

Alipita katikati ya viti na mkoba wake begani, akapanda jukwaani na kitenge chake cha kijani, akaenda moja kwa moja kwa mwanawe.

"Wewe. Lete ufunguo."

Nestor alisahau kwamba yeye ni Mtu. "Mama?"

"Ufunguo. Watu wana kazi kesho, chakula kinapoa, na wewe unazunguka hiyo nyumba kana kwamba umeijenga."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kiburi akamfinya Nestor mgongoni, naye akakumbuka maneno yake. "Naomba siku moja."

"Nimekupa miaka thelathini na moja," akasema Mama Nestor.

Kicheko kikakatika. Sijui nani alimfundisha, kwa sababu gereji kwangu hakuwahi kukanyaga, lakini alinyoosha mkono na kiganja kilitazama juu. Nestor akauweka ufunguo. Mama yake akautia kwenye mkoba, akafunga zipu, akamshika mwanawe kifundo cha mkono kama anamvusha barabara. Walipofika uani akawageukia Subira na wenzake. "Na nyinyi wenye majembe, twendeni. Wengine bakini hapohapo na kuku wenu."

Watu walisimama wakapiga makofi mpaka mikono ikawauma. Mimi nilikuwa bado chini, shuka liko kwenye kiti, limekunjwa. Sista Njeri aliingia wakati watu wameshapanga mstari wa chakula, bado ana sare za kazi, anahema.

"Mmemaliza? Nani alikuwa Mauti?"

Tukamwonyesha. Mauti alikuwa amejifunga kitambaa kiunoni, anapakua.

Sasa Keza akaanza kulia. Mama Nestor akaacha mwiko, akamfuata, akanyoosha mikono kama alivyofanya kila siku kwa miezi minne. Wazee wa kambini waliokuwa karibu wakageuka kumtazama. Mmoja akasema chini kwa chini, "Amechukua ufunguo." Mikono yake ikasimama hewani. Angeweza kucheka. Angeweza kusema hakuvaa shuka, kwamba haukuwa mchezo, kwamba hapa ni Amerika. Hata mimi ningemtetea. Alirudisha mikono, akaifuta kwenye kitenge, akaiweka nyuma ya mgongo.

"Baba Odeta."

"Naam, Mama Nestor."

"Onyesho limepita na hukuchukua ufunguo."

"Sikuchukua."

"Mimi siwezi kukuwekea mikononi kama nilivyoahidi. Njoo umchukue mwenyewe."

Nikamchukua. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri, na joto, na alinikamata sikio kwa nguvu. Nililia mbele ya Dhambi wenzangu wote sita, na Hasira ndiye aliyeniletea kitambaa.

Ubatizo ulikuja baada ya wiki sita. Wiki sita zote Mama Nestor hakumgusa mtoto, na Odeta na Nestor wana zamu zao. Foklifti nilishaiacha mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo kila asubuhi niliendesha kutoka Haltom City kwenda kuwa mikono yake. Yeye alisimama hatua mbili nyuma yangu, mikono mgongoni, akiamuru. "Kichwa, mkwe, shika kichwa! Nepi si hivyo, umeiweka nyuma mbele. Umewahi kulea wewe, au Odeta alijilea?" Ndizo wiki nilizocheka kuliko zote tangu nije nchi hii. Usiku wa mkesha wa safari ya kanisani alikaa ameikunja mikono, na asubuhi maji yalipomgusa Keza tu, mtoto hakurudi kwangu mpaka jioni.

Shuka liko kabatini, limepigwa pasi. Atakayekuwa Mauti baada ya Sista Njeri aje alichukue, na asipokuwa na pasi nitamwazima. Kuhusu desturi ile amueni wenyewe, mimi sina ushauri.

Siku moja katika zile wiki sita, Keza amelala kifuani kwangu, nilimwuliza Mama Nestor kwa nini alisimama siku ile.

"Wali ulikuwa unapoa, Baba Odeta," akasema, na akaenda kuosha vyombo.

Sikubishana naye. Lakini yale mahotpoti niliyabeba mimi mwenyewe, mablanketi yake yote, na siku ile ya Houston nilikuwa wa tatu kwenye mstari wa chakula. Tonge la kwanza tu liliniunguza ulimi, na uliniuma mpaka Jumatatu.